Hazina ya kidijitali ya taasisi: DSpace, EPrints, Greenstone au Omeka S?

Taasisi nyingi za Unguja na Pemba hufika pahala pamoja kwa njia tofauti. Chuo kina tasnifu zilizojaa makabati hadi kwenye dari. Idara ya serikali ina ripoti za miaka mingi, nyingine karatasi, nyingine ziko kwenye flashi ambayo mwenyewe ameshastaafu. Klabu ya taarab ina kanda na picha zinazoanza kufifia. Uongozi unasema ziwekwe mtandaoni, kamati inaundwa, na hapo mabishano yanaanza. Fundi wa kompyuta anataka DSpace kwa sababu vyuo vya bara kama Sokoine na Muhimbili vimeitumia. Mkutubi aliyepata mafunzo zamani anaijua Greenstone. Kijana wa kitengo cha utamaduni ameona tovuti nzuri iliyojengwa kwa Omeka. Kila mmoja ana hoja ya kweli, ila kila mmoja ana mzigo tofauti kichwani.

Hapa naziweka sambamba programu nne za kujengea hazina ya kidijitali, yaani ghala la kompyuta la kuhifadhi na kuonesha kazi za taasisi: DSpace, EPrints, Greenstone na Omeka S. Zote ni programu huria. Hakuna leseni ya kununua, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuusoma na kuubadilisha. Seva, umeme na mshahara wa mtu wa kuitunza mtalipa hata hivyo, na taasisi nyingi hulisahau hilo wakati wa kuandika bajeti ya mradi.

Vipimo kwanza, majina baadaye

Kamati ijibu maswali sita kwa maandishi kabla ya kutaja jina la programu yoyote.

Mnahifadhi nini? Tasnifu na makala za utafiti zina mwandishi, msimamizi, idara na mwaka, nazo huingia kila mwaka bila kusita. Picha, kanda na miswada ya zamani zinahitaji maelezo marefu na kuoneshwa vizuri. Majalada ya ofisi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu jalada likitenganishwa na wenzake linapoteza nusu ya maana yake.

Nani ataitunza mradi ukimalizika? Mna seva ya namna gani, na umeme wa namna gani? Majina ya watu wenu, lugha zenu na hati zenu zitakaaje ndani yake? Nani aruhusiwe kuona nini, na walioko nje watawapataje? Na la mwisho: mkitaka kuhama baada ya miaka kumi, mtatoka na vitu vyenu vyote?

Mimi nalipa uzito mkubwa swali la pili. Hazina nyingi zilizokufa hazikufa kwa ubovu wa programu. Zilikufa kwa sababu aliyekuwa na nenosiri la seva alipata kazi kwengine na hakuna aliyekaa naye japo wiki moja kujifunza.

Zilikotoka

DSpace ilitolewa mwaka 2002 na maktaba za chuo cha MIT cha Marekani kwa kushirikiana na maabara za HP. Sasa inaendelezwa na jumuiya ya watumiaji wake chini ya shirika la LYRASIS. EPrints ni kongwe kuliko DSpace. Ilianza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakati wanataaluma walipokuwa wanadai makala za utafiti zisomwe bila malipo. Greenstone ilitoka Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, na tangu mwaka 2000 ikasambazwa kwa ushirikiano na UNESCO ili ifike katika nchi ambazo intaneti ilikuwa haitegemeki. Omeka ilizaliwa mwaka 2008 katika kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na Omeka S, toleo lililotengenezwa kwa taasisi zenye tovuti nyingi, likafuata mwaka 2017.

Asili hizi zinaonekana hadi leo. DSpace inafikiri kama maktaba ya chuo kikubwa, EPrints kama mtafiti, Greenstone kama mkutubi asiye na intaneti, Omeka kama mtu wa makumbusho.

Mnahifadhi nini

DSpace inapanga kila kitu kwa ngazi: jumuiya, ndani yake jumuiya ndogo, kisha mkusanyo, kisha kipengee chenye faili zake. Chuo chenye skuli, idara na shahada kinaingia humo bila kulazimishwa. Pia ina njia ya uwasilishaji yenye hatua: mwanafunzi anapakia, mkutubi anahakiki, kazi inatoka. Tahadhari yangu ni moja. Msijenge ngazi zote kwa kufuata muundo wa ofisi wa leo. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ilijitegemea kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kazi zake za zamani zingekaa chini ya jina lipi? Panga kwa aina ya kazi, na jina la idara liandikwe kwenye metadata, yaani maelezo yanayoandikwa kuhusu kila kazi, ambako ni rahisi kurekebisha.

EPrints inaanza na kazi ya utafiti yenyewe. Ukichagua kuwa unaweka makala ya jarida, fomu inauliza jarida, juzuu na kurasa; ukichagua tasnifu, inauliza chuo na idara. Inatofautisha kazi iliyochapwa, iliyokubaliwa na ambayo haijachapwa. Kipengee kimoja kinaweza kuonekana chini ya mada na chini ya kitengo kwa wakati mmoja, kwa hiyo ugomvi wa ngazi haupo sana. Kwa picha na kanda inafanya kazi, lakini utahisi kwamba haikutengenezwa kwa ajili yake.

Greenstone ni mkusanyo unaojengwa. Mkutubi anakusanya nyaraka kwenye kompyuta yake, anaandika metadata, anabonyeza kitufe cha kujenga, na programu inatengeneza maktaba yenye utafutaji wa maandishi yote. Kwa ripoti mia tano ambazo hazitaongezeka, kazi yake ni safi sana. Kwa chuo kinachopokea kazi mpya kila wiki kutoka kwa watu wengi inachosha, maana kila nyongeza inapitia mikononi mwa yule yule mmoja.

Omeka S inashughulikia kitu kimoja kimoja: picha, ramani, barua, wimbo. Nguvu yake ni kwamba ghala ni moja na tovuti ni nyingi. Picha ya mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe inaweza kuwa kwenye tovuti ya ufundi wa useremala na kwenye tovuti ya historia ya mtaa, bila kupakiwa mara mbili. Inapokea tasnifu pia, lakini haina njia ya kawaida ya kuhakiki uwasilishaji kabla ya kutoka.

Nani ataitunza

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na hapa ndipo kamati inapopita haraka.

DSpace ilibadilika sana na toleo la 7 la mwaka 2021. Tangu hapo ina sehemu mbili: seva ya nyuma inayotumia Java, na kiolesura cha mbele kinachotumia Angular na Node.js. Juu ya hizo kuna hifadhidata ya PostgreSQL na injini ya utafutaji ya Solr. Anayeitunza awe anaijua Linux vizuri na asiwe na woga wa kusoma kumbukumbu za makosa usiku. Kutoka toleo la 6 kwenda la 7 au la juu yake ni kazi kubwa, kwa kuwa mwonekano wote uliotengenezwa kwa toleo la zamani unaachwa na kutengenezwa upya. Taasisi kadhaa zimeganda kwenye toleo la 6 na la 5 kwa sababu hiyo, ingawa matoleo hayo yaliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2023. Ukiona tovuti ya DSpace yenye sura ya zamani, uliza toleo kabla ya kuisifu.

Fadhila yake ni watu. Tanzania ina mafundi na wakutubi wengi walioigusa DSpace, na ukikwama utampata wa kumpigia simu anayezungumza Kiswahili. Mimi naona hilo lina thamani kuliko kipengele chochote kilichoandikwa kwenye maelezo ya programu.

EPrints inataka seva moja ya Linux yenye Apache, MySQL na lugha ya programu ya Perl. Ikishasimama inatulia, ina vipande vichache vya kuharibika. Shida ni Perl. Vijana wanaotoka vyuoni sasa wanaijua PHP, Python na JavaScript, na wa Perl ni wachache. Mipangilio mingi ya EPrints iko kwenye mafaili ya Perl na XML, kwa hiyo hata kuongeza uga mmoja wa metadata kunamtaka mtu wa kuyafungua. Kama mnaye mtu huyo na hana mpango wa kuondoka, msiogope. Kama hamna, mjipe miezi ya kumfundisha.

Greenstone inaweza kutunzwa na mkutubi mwenyewe, kwenye Windows, bila kuandika amri. Hiyo ni heshima kubwa kwa wakutubi wetu, ambao mara nyingi wanasubiri fundi aje kufanya kazi wanayoijua wao. Jumuiya yake ya leo ni ndogo kuliko ya miaka ya 2000, na ukitaka kubadilisha sura ya tovuti utakutana na mafaili yasiyo rafiki.

Omeka S inatumia PHP na MySQL, vilevile kama WordPress. Kijana anayetengeneza tovuti za hoteli za Nungwi na Paje anaweza kuisimamisha kwa siku chache. Macho yawe kwenye moduli za nyongeza. Nyingi zinatengenezwa na watu wa nje, na ukisasisha programu kuu kabla ya moduli kuwa tayari, sehemu ya tovuti inaweza kuzimika. Hakikisha kila moduli unayoitegemea ina mtu anayeihudumia.

Seva, umeme na hewa ya chumvi

Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka bara, na wenye umri wa kukumbuka wanajua kilichotokea kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Hali ya leo ni nyingine, na Pemba nayo imekuwa na waya wake kutoka Tanga tangu 2010. Hata hivyo hazina ya taasisi inajengwa kwa miongo, na kukatika kwa dakika chache tu kunatosha kuharibu hifadhidata iliyokuwa inaandika.

DSpace ndiyo inayoumia zaidi umeme ukikatika ghafla, kwa kuwa ina sehemu nyingi zinazopaswa kuamka kwa mpangilio. Faharasa ya utafutaji ya Solr ikiharibika si msiba. Inajengwa upya kutoka kwenye hifadhidata. Lakini takwimu za usomaji na upakuaji zinakaa ndani ya Solr peke yake. Zikipotea bila bekapu zimepotea, na ndizo mnazompelekea mkuu wa chuo kuonesha kwamba hazina inasomwa. Anayeisimamisha DSpace aandike utaratibu wa kuzitoa takwimu hizo mara kwa mara, pamoja na bekapu ya PostgreSQL na ya faili zenyewe. Kwa ukubwa wa mashine, nisingeanza na kumbukumbu (RAM) chini ya gigabaiti 8.

EPrints inaridhika na mashine ndogo zaidi, na baada ya kukatika kwa umeme kwa kawaida unawasha Apache na MySQL ukaendelea. Omeka S inaishi hata kwenye huduma ya kukodi ya bei nafuu, ambako umeme ni tatizo la mwenye seva. Greenstone inaweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida ya maktaba.

Wengi huuliza seva iwekwe wapi. Chumba chenye dirisha linaloangalia bahari, kisicho na kiyoyozi cha kudumu, si pahala pa seva. Chumvi na unyevu vinakula viunganishi polepole mpaka siku mashine inakataa kuwaka. Kama taasisi haina chumba kinachofungwa, chenye UPS (betri ya akiba) na ubaridi wa saa ishirini na nne, kodisheni seva nje na mbaki na nakala kamili hapa. Hilo linahusu DSpace na EPrints kuliko nyengine mbili.

Greenstone ina jambo moja ambalo hizi nyengine hazilifikii. Mkusanyo mzima unaweza kuhamishwa kwenye flashi au diski na kutumika bila intaneti. Skuli ya Micheweni, Pemba, yenye kompyuta kumi na kifurushi cha data kinachoisha katikati ya mwezi inaweza kupata maktaba ile ile iliyoko Unguja, ikiletwa na boti. Kwa skuli hiyo, hazina nzuri ya mtandaoni isiyofunguka ni sawa na kabati lililofungwa.

Majina ya watu, lugha na hati

Fungua fomu ya DSpace au ya EPrints na uweke kazi ya mwandishi ambaye kwenye jalada ameandikwa Asha Juma Khamis. Fomu inataka jina la ukoo kwanza, kisha jina lake. Asha hana jina la ukoo kwa maana hiyo; Juma ni baba yake na Khamis ni babu yake. Karani mmoja ataandika "Khamis, Asha Juma", mwengine "Juma, Asha", wa tatu atalibandika jina zima kwenye kisanduku kimoja. Baada ya mwaka, kazi zake tatu ziko chini ya watu watatu, na orodha ya waandishi imejaa akina Khamis na akina Ali ambao hawana udugu.

Programu hizo mbili hazikukosea. Zilitengenezwa kwa desturi za kwao. Dawa ni kanuni ya maandishi ya ukurasa mmoja kabla ya kuingiza kazi ya kwanza, na kutumia namba ya ORCID, kitambulisho cha kudumu cha mtafiti, kwa wale wanaoendelea kuandika. Google Scholar na marejeo ya majarida hutumia mpangilio wa ukoo kwanza, kwa hiyo kwa chuo naona bora kuchukua jina la mwisho kuwa la ukoo, daima, bila ubaguzi. Omeka S na Greenstone zinakubali jina liandikwe kama lilivyo. Kwa hazina ya urithi hilo ni jema, maana jina la mpiga picha au fundi litasomeka kama watu wake wanavyolitamka. Lakini uhuru huo nao unataka kanuni, la sivyo Khamis mmoja atakuwa Hamisi kwengine.

Kwa upande wa hati, zote nne zinatumia Unicode, mfumo wa kompyuta wa kuandika hati za lugha nyingi, kwa hiyo herufi za Kiarabu zinaandikika na kutafutika kwenye metadata. Hili si dogo hapa. Mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulioko Zanzibar uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, na majumbani bado kuna barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati hiyo. Ndani ya mswada wenyewe programu haitasoma. Ukiskani ukurasa unapata picha, na programu za kusoma maandishi kwenye picha zinahangaika sana na mwandiko wa mkono. Andika kichwa kwa hati ya Kiarabu na kwa herufi za Kilatini, pamoja na muhtasari wa Kiswahili. Omeka S inaruhusu kuweka alama ya lugha kwenye kila thamani ya metadata na ni rahisi kuliona hilo likifanya kazi. DSpace na EPrints nazo zinaruhusu, kwa mpangilio kidogo zaidi.

Maneno ya kiolesura yanatafsirika kwenye zote nne. Tafsiri ya DSpace iko kwenye faili moja refu la lugha, na mtu mwenye subira anaweza kulijaza.

Nani aone nini, na dunia itawaonaje

DSpace na EPrints zina zuio la muda. Unaweka tarehe, tasnifu inabaki imefungwa na inafunguka yenyewe tarehe ikifika, huku kichwa na muhtasari vikionekana muda wote. Zote mbili pia zina kitufe cha kumwomba mwandishi nakala. Omeka S kwa kawaida inajua mambo mawili tu, wazi au faragha. Greenstone inaweza kufunga mkusanyo kwa nenosiri. Kama mna kazi ambazo waandishi wanataka kuzichapa kwanza, au mahojiano yenye siri za watu, tofauti hii inaamua mengi. Na msisahau kuwa Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Ruhusa ya mwandishi iwe kwenye karatasi iliyosainiwa, programu yoyote mtakayochukua.

Kuhusu kuonekana, Google Scholar yenyewe inavitaja DSpace na EPrints miongoni mwa mifumo inayoipendekezea vyuo, kwa kuwa kurasa zake zinatoa taarifa za mwandishi na mwaka kwa namna inayoielewa. Zote mbili zinatoa metadata kwa itifaki ya OAI-PMH, ambayo mifumo ya kimataifa inayokusanya metadata za hazina nyingi hupitia. Greenstone nayo ina seva ya OAI, na Omeka S inaipata kwa moduli.

Kuna alama moja inayomwambia mtu kwa jicho moja kama DSpace ilisimamishwa kwa uangalifu. Angalia kiungo cha kazi yoyote. Kikiwa na namba 123456789, hiyo ni namba ya mfano iliyokuja na programu. Taasisi haikusajili namba yake ya kudumu ya Handle. Siku anwani ya tovuti ikibadilika, viungo vyote vilivyonukuliwa kwenye tasnifu za watu vinakufa. Usajili una ada ya kila mwaka na si kubwa. Uwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mkitaka kuhama

Ingia ndani ya seva na utazame faili zinavyokaa. Kwenye DSpace, kila faili limepewa namba ndefu na limewekwa ndani ya makabrasha yenye majina ya namba. Bila hifadhidata huwezi kujua ipi ni tasnifu ya nani. Aliyenakili folda la faili peke yake akadhani ana bekapu, hana kitu. Omeka S nayo inabadilisha majina ya faili kuwa msimbo. EPrints inalitunza jina la faili ndani ya folda lenye namba ya kazi, na Greenstone inaacha faili kama lilivyo na metadata kando yake kwenye faili la XML linalosomeka kwa macho.

Kutoka rasmi kunawezekana kwenye zote. DSpace ina mfumo wa kutoa kila kipengee kwenye folda lake pamoja na metadata, na unaeleweka na programu nyengine nyingi. EPrints inatoa XML ya kila kazi. Omeka S inatoa kupitia kiolesura chake cha data. Jambo la kudai kwa fundi wenu ni kwamba zoezi hili lifanywe kila mwaka, si siku ya kuhama.

Mbili za pembeni

Kama mlichonacho ni majalada ya ofisi, nyaraka za serikali au za familia zenye mfuatano, acheni hizi nne na mtazame AtoM. Ilitengenezwa na Artefactual ya Canada kwa kushirikiana na Baraza la Kimataifa la Nyaraka, na inajua ngazi za fungu, mfululizo na jalada. Kwa data za utafiti, kama vipimo vya joto la bahari au hesabu za samaki, InvenioRDM ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ni imara ila inataka timu ya mafundi. Mtafiti mmoja anaweza kuweka data zake bila malipo kwenye ghala la mtandaoni la Zenodo, linaloendeshwa na CERN, akapata DOI, namba ya kudumu ya kunukulia data hizo, siku hiyo hiyo.

Kwa hali yenu

Chuo chenye kazi mpya za kila mwaka, fundi wa Linux aliyeajiriwa kwa kudumu na msaidizi wake: DSpace, toleo jipya, namba ya Handle iliyosajiliwa. Kama fundi ni wa mkataba wa mradi, subirini hadi nafasi ya kudumu ipatikane, au lipieni taasisi nyengine iwaendeshee.

Kituo kidogo cha utafiti chenye makala nyingi kuliko tasnifu, mashine moja ya kiasi, na mtu asiyeogopa Perl: EPrints itawahudumia miaka mingi kwa usumbufu mdogo.

Maktaba ya wilaya, skuli, au taasisi ya Pemba yenye nyaraka zisizoongezeka sana na wasomaji wasio na intaneti ya uhakika: Greenstone, na mkutubi awe ndiye mwenyewe.

Makumbusho, klabu ya taarab, kikundi cha mtaa chenye picha na sauti na hadithi za kueleza: Omeka S, kwenye seva ya kukodi, na pesa iliyobaki iende kwenye skana nzuri na posho ya watu wazima wa kutambua sura zilizomo kwenye picha.

Chuo chenye vyote viwili, tasnifu na urithi, kisilazimishe programu moja. DSpace kwa tasnifu na Omeka S kwa maonyesho vinaishi pamoja vizuri kama mna watu wa kutosha. Kama hamna, anzeni na ile inayogusa vitu vilivyo hatarini zaidi kuharibika.

Na kamati ambayo bado imegawanyika ichukue vitu thelathini halisi vya taasisi, vikiwemo vibaya: tasnifu yenye waandishi wawili, picha isiyo na tarehe, mswada wa Kiarabu, ripoti ya kurasa mia nne. DSpace na Omeka zina tovuti za majaribio zilizo wazi, Greenstone inawekwa kwenye kompyuta yoyote, na EPrints fundi ataisimamisha kwenye mashine ya pembeni. Aviingize yule yule atakayefanya kazi hiyo kila siku, siyo mshauri. Mwandike pale alipokwama, alipomwita fundi, na muda ambao kipengee kimoja kimechukua. Kisha mumpe vitu hivyo hivyo avitoe tena.